Ziwa Nililokuwa Nikioga Ngezi

Mimi Faki Kombo wa Konde hakuna jambo la kunishangaza. Nimezaliwa katika kibanda cha makuti kisichokuwa na mlango. Chuo cha Kurani nimefika juzuu ya tatu tu, na hizi herufi za Kizungu nimejifunza mwenyewe kwa kusoma magunia ya mchele na makopo ya biskuti. Samaki nimebeba kwa kichwa, nikabeba kwa mzega begani, mwisho nikabeba kwa baiskeli yangu mwenyewe. Nimeona jua likipatwa mchana kweupe, nimeona tajiri akiomba unga. Kwa hiyo siku nilipokojoa damu, sikushangaa.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, mtu wa mizani kama mimi. Najua hapa kisiwani tuko wengi. Yuko anayesoma hapa na jambo hili analo, amelificha ndani ya kikoi chake. Wewe ndugu, nisikilize.

Biashara yangu ilikuwa ya samaki. Alfajiri nipo Tumbe pwani, nanunua changu na tasi, napakia tenga nyuma ya baiskeli, nafunga kwa mpira, halafu nakata msitu wa Ngezi mpaka vijiji vya upande wa pili, Makangale na huko mbele, ambako watu wana mihogo mingi na kitoweo hawana. Ngezi ni msitu wa Serikali. Huwezi kukata hata ufito bila kibali, na siku zile gari hazikuwa zikipita. Njia yake ni udongo mwekundu wenye changarawe, na gurudumu likipita juu yake hulia kama mtu anayetafuna bisi. Miti imekutana juu. Mchana wa jua kali wewe uko kwenye kivuli, huna wa kukupigia honi, huna wa kukurushia vumbi, tumbili tu wanakutazama. Wenzangu waliogopa kupita peke yao kwa sababu ya mashetani. Mimi nilikuwa nikipiga kengele kwa raha, hakuna hata mtu wa kupishana naye. Kutoka Konde mpaka kuvuka msitu hakuna aliyenishinda kwa mwendo, na tenga langu lilikuwa kubwa kuliko yao. Waulizeni.

Ndani ya msitu, pembeni mwa njia, kuna ziwa. Si kubwa, maji yake yametulia, majani yameota kando. Kila nikirudi mchana, tenga tupu, naegesha baiskeli, navua nguo, naingia. Naosha tenga, naosha mwili kwa sabuni ya kunukia, najipaka mafuta, navaa shati safi. Nikiingia Konde mtu hawezi kujua kama nimetoka kuuza samaki. Nilipenda watu waseme bwana yule anapita. Miaka mitano nilifanya hivyo, kiangazi na masika.

Nyumbani mke wangu Bi Mize aliniwekea ndoo ya maji ya kisima, kila siku, na kata ya kuchotea juu yake. Nikamwambia nimeshaoga. Hakuacha kuiweka.

Damu ilikuja mwisho wa masika. Mwanzo matone mawili matatu mwishoni mwa mkojo, na moto. Nikacheka. Tulipokuwa watoto tukienda kuvua kambare mabondeni, nusu yetu tulikojoa hivyo, na wakubwa walituambia ndio uanaume unaingia. Tulikuwa tukishindana ukutani nani yake nyekundu zaidi. Ikaja ikaondoka. Basi nikasema imerudi kunisalimia.

Haikuondoka. Mvua za mchoo ziliponyesha nilikuwa siwezi kukaa juu ya kiti cha baiskeli. Nikaweka gunia, nikaweka gunia juu ya gunia. Nikawa naendesha nimesimama, na mtu hawezi kusimama Tumbe mpaka Makangale. Mwisho nikawa naikokota, mimi na tenga langu, na vijana wa Konde wananipita wakiuliza mnyororo umekatika? Nikawajibu naam, umekatika. Nikakonda. Usiku nilitoka mara sita, saba, na kila mara tone moja.

Bi Mize alijua kabla sijamwambia, kwa kuwa yeye ndiye aliyefua. Alinitandikia nguo nyingine juu ya mkeka, asubuhi akasema, "Baba Asha, twende hospitali." Asha ndiye mtoto wetu mmoja, ameolewa Unguja. Nikamwambia mimi sijawahi kulala hospitali na sitalala. Nikaenda kwa mganga, nikapewa mizizi ya kuchemsha na ya kuchanjia. Nikanywa mwezi mzima. Mkojo ukawa mweusi badala ya kuwa mwekundu, mganga akasema huo ugonjwa unatoka.

Samaki sikuuza tena, na ndani hamna kitu. Karafuu zikaiva. Bi Mize akaniambia atakwenda dago, kwenye mashamba ya upande wa Mtambwe, akachume na wanawake wenzake, wanalala huko huko kwenye vibanda mpaka shamba liishe. Nilimruhusu. Siku ishirini na tatu hakuwepo.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ugonjwa ulipohama mwilini ukaingia kwenye akili.

Nilikuwa sina kazi, nikashinda barazani. Mtu anayeshinda barazani husikia mengi. Siku moja tunazungumza maradhi, mtu mmoja akasema mwanamume mzima anayekojoa damu, huyo ameipata kwa mwanamke. Hakuwa akinisema mimi, hakujua. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu zangu, maana hesabu sishindwi. Mimi tangu nimuoe Bi Mize sijatoka nje ya nyumba yangu, Mungu shahidi. Basi kama maradhi ni ya wanawake, na mimi sikuyafuata, ni nani aliyeyaleta? Nikajiona mwerevu. Na yeye yuko dago, analala vibandani. Nikasahau kwamba damu ilianza masika, na dago kaenda karafuu zilipoiva. Hesabu hiyo hata mtoto angeiona.

Alirudi alasiri, mikono myeusi kwa utomvu, kucha zimepasuka. Akafungua pindo la kanga akaweka pesa kitandani.

"Hizi zinatosha nauli na daktari," akasema. "Kesho twende."

Nikamwambia niliyomwambia. Sitayaandika yote. Nilimwuliza nani aliyempa maradhi akaniletea.

Alikaa kitako juu ya mkeka. Akasema, "Baba Asha, niulize mara ya pili, polepole, nijue kama nimesikia sawa."

Nikamwuliza mara ya pili, na safari hii kwa sauti ya kusikika nje, maana nilitaka jirani wajue kuwa Faki si wa kuchezewa. Hakulia, hakuapa. Alisema, "Nikuapie ya nini, na weye umeshahukumu?"

Mtu mwenye busara hapo angenyamaza. Mtu mwenye hasira lakini ana akili kidogo angetoa talaka moja, akawa na nafasi ya kumrejea kabla eda haijaisha. Mimi maisha yangu yote sikuzoea kutoa kidogo kidogo. Wenzangu wakinunua samaki kwa fungu mimi nanunua kwa tenga. Nikasema, "Nimekuacha, talaka tatu." Nikanyoosha na vidole.

Kaka yake, shemeji yangu Shaame, anakaa Madungu, Chake. Alikuja siku ya pili yake kumchukua. Mtu mpole, fundi cherehani. Hakunigombeza. Alisema tu vyombo vya dada yake vibaki kwanza, vitafuatwa. Bi Mize akatoka na kifurushi kimoja na buibui lake. Zile pesa za karafuu alikuwa ameziacha pale pale kitandani.

Na mimi nikatoka barazani nikaeleza. Nilieleza mara nyingi, mpaka Tumbe wakajua.

Siku kumi hazikupita nikajiona nimepata nafuu kidogo, nikasema sasa nitawaonyesha. Nikapakia tenga, nikaingia Ngezi. Nilifika karibu na ziwa, mgongo ukashikwa kama kwa koleo, nikaanguka na baiskeli ikaniangukia, samaki wakamwagika juu ya changarawe. Sikuweza kusimama. Ile njia niliyoipenda kwa kuwa haina gari wala mtu, siku ile haikuwa na gari wala mtu. Siafu walikuja kwa samaki, halafu wakaja kwangu. Nimelala pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Niliita jina, na aibu ni kwamba jina lenyewe halikuwa la mama yangu wala la mtoto wangu.

Aliyeniokota ni mlinzi wa msitu, mzee wa Makangale. Akamwaga samaki waliobaki, akanipakia mimi nyuma, mahali pa tenga, akanifunga kwa ule ule mpira nisianguke, akaikokota baiskeli mpaka Konde. Tukapita barazani. Watu walinyamaza wote. Nilitamani wacheke.

Ilibidi hospitali. Sikutaka ya Wete, kila mtu Wete ananijua. Nikapanda basi mpaka Chake kwa zile pesa za kitandani, nyingine sikuwa nazo.

Ukumbi wa kungojea ni kazi peke yake. Mabenchi mawili marefu, harufu ya dawa ya kusafishia, watoto wanalia, na sisi wanaume kila mmoja ameficha kichupa chini ya kanzu kama mwizi wa mayai. Mzee mmoja aliyekaa karibu yangu alichungulia changu akasema, "Yakhe, umetuletea sharubati?" Akafunua chake, cha rangi ile ile. Nilicheka mpaka nikaumia. Tangu Bi Mize aondoke ndiyo mara ya kwanza kucheka. Usiogope lile benchi, ndugu. Pale hakuna bwana mkubwa, na hakuna anayekusema.

Nilingoja mpaka karibu na adhuhuri. Dresa, msaidizi wa daktari, akaniita ndani, kijana mwenye miwani, akanambia ni kichocho, kuna dawa, ni sindano kumi na mbili.

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, imetoka kwa mwanamke gani.

Akaniangalia. "Hii haitoki kwa mwanamke, mzee. Hii inatoka majini. Unaoga wapi?"

"Ziwa la Ngezi."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Miaka mitano."

"Nyumbani hakuna maji?"

Nikasema yapo. Nikasema huwekewa ndoo. Halafu machozi yakanitoka. Yule kijana alidhani nalia kwa kuogopa sindano, akanishika bega akasema haziumi sana.

Ziliniuma. Mbili kila wiki, kwenye mshipa wa mkono, polepole. Kabla sindano haijakwisha kifua kinabana, kikohozi kinakuja, na mdomoni kuna ladha kama umelamba sarafu. Ukishachomwa unalazwa kwenye mkeka verandani usiinuke haraka, na hapo ndipo matapishi. Bibi mmoja aliyekuwa akimleta mjukuu wake alizoea kuniwekea chungwa lililomenywa karibu na kichwa. Simjui jina. Aliona tu mtu mzima anatapika peke yake, hana wa kumshikia beseni. Wengine wote walikuwa na wake zao.

Sindano ya nne nguvu za miguu zikaisha. Ya sita nywele zikaanza kukatika, na ndevu. Ya saba damu ikapungua. Ya tisa nilikojoa mkojo mweupe, nikasimama pale chooni nikiuangalia, na sikuwa na mtu wa kwenda kumwambia.

Maana nilikuwa nahesabu hesabu mbili kwa pamoja. Sindano zangu zikienda mbele, na eda ya Bi Mize nayo inakwenda, pale pale Madungu, mwendo wa sigara moja kutoka hospitali. Kila nikitoka kuchomwa nilipita njia ya nyumba ya Shaame. Sikugonga. Cherehani ilikuwa ikilia ndani, nasikia na sauti ya mwanamke akipepeta mchele, sijui kama ni yake.

Nikamwendea shehe mmoja mwenye elimu, nikamweleza kila kitu, na kwamba yule mwanamke hana kosa. Nilidhani kosa likifutika na talaka itafutika. Akaniuliza nilitamka ngapi. Nikasema tatu. Akaniuliza nilikuwa na akili zangu. Nikasema nilijiona ninazo nyingi kuliko siku zote. Akasikitika, akasema hana njia ya kunipa: Bi Mize hawi halali kwangu mpaka aolewe na mwingine, ndoa ya kweli ya kukaa, na huyo mwingine akimwacha kwa hiari yake au akifa, hapo ndipo.

Lakini mimi mfanyabiashara. Nikasema kila kitu kina njia ya uchochoro. Nilikuwa nimesikia kuna wazee hupewa kitu kidogo, wakaoa usiku mmoja, asubuhi wakaacha. Baada ya sindano ya kumi na mbili na mwezi mwingine wa kupimwa, daktari amenipa cheti cha kupona, nikavaa kanzu iliyokuwa ikinipwaya nikaenda kugonga.

Shaame alinikaribisha vizuri. Bi Mize akaja akakaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, nauona mguu wake tu. Nikasema yote. Nikasema ni ziwa. Nikasema ndoo. Nikamwomba radhi mbele ya kaka yake, na nikasema pia jambo ambalo sijawahi kulisema kwa mtu: baiskeli yangu ya kwanza, ile ninayojisifu kuwa niliinunua kwa jasho langu, ilinunuliwa kwa vipuli vyake vya dhahabu.

Akasema radhi amenipa. Akasema amefurahi nimepona, alikuwa akiomba dua.

Moyo ukapanda, na hapo nikaharibu. Nikatoa lile wazo langu la mzee wa usiku mmoja. Nikasema tayari nimeshampata, ni mtu wa kuaminika, nitalipa kila kitu mimi.

Mguu ulirudi nyuma ya pazia. Akaita jina langu, alilokuwa hajawahi kuliita tangu nimuoe.

"Faki," akasema, "mie si baiskeli nikakodishwa usiku mmoja kisha nirudishwe kwa mwenyewe."

Cherehani ilikuwa imesimama. Shaame alikuwa akiangalia mkeka.

Akaendelea, taratibu kabisa. "Ungenipa moja ningekungoja. Hata ungenipa mbili. Eda yangu imekwisha juzi, na nimeposwa, na nimekubali. Mtu wa Pujini, kafiwa na mkewe, analima mpunga. Hajanena neno juu yangu kwa mtu. Ndilo nililomwulizia kaka, neno hilo tu."

Nilimwombea heri. Wallahi nilimwombea, sauti ikatoka mbaya, lakini ilitoka.

Nikarudi Konde, na siku ile ile nikaenda barazani. Nilikuwa nimewaambia uongo wamekaa, basi na ukweli niliwaambia wamekaa. Nikasema Bi Mize hana doa. Nikasema niliyokuwa nayo ni ya maji ya ziwa, na anayebisha aende akaoge ajue mwenyewe. Mmoja wao alitikisa kichwa, mwingine akabadili mazungumzo. Neno baya lilifika Tumbe kwa siku mbili. Hili zuri mpaka leo nalisukuma kwa mkono, mtu mmoja mmoja, kijiji kimoja kimoja, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika.

Naendesha tena. Napita Ngezi, changarawe inalia, tumbili wananiangalia. Pale ziwani siegeshi. Nikiwakuta watu wanaoga nawaeleza, wengine wananisikia, wengine wananiambia nenda zako mzee. Naingia Konde na harufu yangu ya samaki, nikifika nyumbani nateka kisimani, naoga. Wewe unayelificha ndani ya kikoi, nenda leo kwenye lile benchi. Na usimhukumu mtu wa nyumbani kwako kwa jambo ambalo hujauliza kwa wenye kujua. Kama hasira zimekushika kabisa, basi toka nje uikokote baiskeli.

Watu huniuliza maradhi yale yamenigharimu nini. Sindano zilikuwa za Serikali. Mganga simhesabu.

Kabla ya harusi Shaame alileta salamu kwamba vile vyombo vya dada yake sasa vinahitajika. Nikasema asihangaike, nitavipeleka mimi. Nikatafuta lori la karafuu. Tukapakia kitanda chake cha besera, kabati, kinu na mchi, masufuria matano, na ndoo na kata yake. Vyote nilivifunga kwa mkono wangu visikwaruzike njiani. Dereva akataja bei ya kutoka Konde mpaka Pujini, akangoja nimpunguze, maana kila dereva wa kaskazini ananijua kwa kupunguza. Sikupunguza. Nilimhesabia mkononi: shilingi thelathini na saba na senti hamsini.